Wewe Hukuwa Mteja

Siku nilipomwambia mama kwamba nimepata mchumba na kwao ni Lambwe, hakuuliza kama anakunywa, kama ana kazi, wala kama ana mke mwingine mahali. Maswali hayo nilikuwa nimeyaandalia majibu njiani kutoka Migori. Aliuliza, "Lambwe upande gani?" Nikamwambia. Akageuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye kikaango, akauliza tena, "Na mamake, alizaliwa wapi?" Nikasema ni Lambwe vilevile, ng'ambo ya pili ya mbuga. Akazima gesi omena wakiwa bado hawajaiva, akavuta kigoda, akasema kuna jambo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi. Nimezoea watoto wanaokuja na "mwalimu, kuna jambo" wakiwa wamevunja dirisha. Nilidhani ni dirisha. Kumbe ilikuwa nyumba nzima.

Alinieleza hapohapo jikoni, nyumbani kwetu Kendu Bay, akiangalia sakafu. Baba yangu hakuweza kupata mtoto. Aliugua matumbwitumbwi akiwa kijana, na madaktari wakamwambia baadaye kwamba ugonjwa ule ulimmaliza upande huo. Walikaa miaka wakitazamana, na mama ndiye aliyetukanwa, kwa sababu siku zote mwanamke ndiye hutukanwa. Wazee wa boma wakashauri njia ya zamani: ndugu mmoja wa mume aingie kimyakimya, mtoto azaliwe, awe wa boma, midomo ifungwe. Baba alikataa. Alisema hawezi kula meza moja na ndugu yake maisha yake yote akilijua hilo. Basi wakaenda Kisumu, kwa daktari mwenye kliniki yake, ambaye alikuwa akiwasaidia watu wa namna hiyo kwa mbegu za wanaume wengine. Nikapatikana mimi, mtoto wa pekee.

"Mficha uchi hazai," mama akasema, kana kwamba hapo ndipo mwisho wa habari.

Nikamwambia methali haikusema umwonyeshe daktari uchi halafu umfiche mtoto. Nililia, nisidanganye. Lakini hata nikilia nilikuwa bado sijaelewa Lambwe imeingiaje. Nilipouliza, ndipo likaja lile ambalo mpaka leo nikilikumbuka nataka kurusha kitu.

Kwanza niseme hivi kwa asiyetujua. Sisi Waluo hatuoani karibu. Ukoo wa baba hauguswi, wa mama hauguswi, wa bibi zako wote wawili hauguswi. Undugu huo tunauita *wat*, na penye *wat* hapaolewi, hata vijana wapendane namna gani. Kabla ya ng'ombe hata mmoja wa mahari kutajwa, watu wazima huketi chini wakahesabu mabibi. Mtu anaweza kumwacha mwanamke mzuri, mwenye tabia na kazi, kwa sababu tu bibi yake na bibi wa kijana walichota maji kisima kimoja, wakaitana dada.

Sasa daktari yule aliwauliza wazazi wangu wanataka mchangiaji wa namna gani. Na wao, watu hawahawa wa kuhesabu mabibi, wakamjibu: mtu wa kwetu. Asitoke mbali. Asiwe na rangi nyingine, asiwe na pua ya ajabu, watu wasije wakaanza kuuliza. Daktari akasema yuko kijana mmoja wa chuo, msafi, ana akili, na kwao si mbali na kwenu, ni huku kusini mwa ghuba ya ziwa. Wakamshukuru Mungu kwa bahati hiyo.

"Hamkufikiria?" nikamwuliza mama. "Kusini mwa ghuba si ndiko kwetu sote, Lambwe ikiwamo? Si ndiko nitakakoolewa?"

"Tulifikiria sura," akasema. "Tulitaka ufanane."

Na nikafanana, hilo lazima nikiri. Ukoo mzima ulishiriki kazi hiyo. Shangazi alisema mwanya wa meno yangu ni wa marehemu bibi. Mwingine akasema mwendo wangu ni wa baba, ukinitazama kwa nyuma huwezi kukosea. Nilipoanza kuandika kwa mkono wa kushoto akatafutwa mjomba wa zamani aliyekuwa hivyo, akapatikana, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akishika kalamu. Watu wetu wakiamua ufanane, utafanana tu.

Mama akanisihi nisimwambie baba kwamba najua. Kwa hiyo kuanzia siku hiyo tukawa watu watatu ndani ya nyumba moja, sote tunajua, na kila mmoja anamwangalia mwenzake kama mgeni aliyekanyaga zulia na viatu vya matope.

Mchumba wangu nilimweleza wiki hiyohiyo. Kazi yake ni mifugo. Anazunguka na pikipiki huko Migori akipandisha ng'ombe kwa mbegu zinazotoka Nairobi kwenye mtungi wa baridi. Nilidhani atakimbia. Badala yake akasema, "Zi, hapana, hii ni noma. Mimi nikimpandisha ng'ombe wa mtu, mwenyewe ananiuliza jina la fahali, mamake fahali, na kama alishawahi kuletwa kwa hilo boma. Akikosa kuambiwa, ananifukuza. Sasa nyinyi hamkuuliza?"

"Mimi sikuwapo," nikamwambia.

"Ndiyo hiyo nasema."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Yeye ndiye aliyetoa wazo kwamba tupimwe damu, mimi na yeye. Tulipimwa. Mashine ikajibu kama mwanasiasa: undugu wa upande mmoja hauwezi kuthibitishwa wala kukanushwa, leteni wazazi. Babake yeye alishafariki. Wangu ndiye huyo tunayemtafuta. Na hata kama mashine ingesema hakuna kitu, ingekuwa imenisafishia mwanamume mmoja tu, na watoto wangu nao siku moja wataoa na kuolewa.

Nikaenda Kisumu peke yangu. Daktari sasa ni mzee, ana mvi na koti safi, na husikia kwa shida, ukiongea naye ni lazima upaze sauti mpaka walio nje wanajua shida zako. Nilimweleza kwa adabu zote. Sitaki jina la mtu huyo. Sitaki simu yake, wala shamba lake, wala pole yake. Nataka kujua kwao ni wapi, na mamake ni wa wapi, basi. Nikishajua si Lambwe, nitakwenda zangu.

"Siwezi kuzungumza na wewe kuhusu hilo," akasema. "Mteja wetu ni mama yako."

"Lakini anayezungumziwa ni mimi."

"Naelewa. Ila wewe hukuwa mteja."

Alilisema kwa upole, akinisindikiza mlangoni, mkono begani, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba duka limefungwa. Nikajikuta nje, kwenye jua, nimeshika mkoba. Mteja ni yule aliyenunua. Sasa mimi ni nani? Mimi ndiye mzigo wenyewe. Umewahi kuona wapi gunia la omena likimwuliza mwenye duka lilivuliwa wapi?

Nikasema basi, serikali ipo. Nikaenda kwenye ofisi moja ya mambo ya watoto mjini Homa Bay. Ukutani pana bango kubwa lenye rangi: mtoto ana haki ya jina, ana haki ya kutunzwa, ana haki ya kuwajua wazazi wake. Nililisoma lote nikingoja zamu yangu, nikafurahi, nikajiona niko kwetu. Afisa alinisikiliza vizuri, mama mmoja mwenye huruma, akaniuliza umri wangu. Nikamwambia.

"*Nyaminwa*, dada yangu," akasema, "wewe si mtoto."

"Nilipokuwa mtoto sikuambiwa."

"Ndiyo. Na hata kama ungeambiwa, ungeletwa hapa na mzazi."

"Na kama mzazi ndiye anayeficha?"

Akacheka kile kicheko cha mtu asiye na la kufanya. Akasema muswada wa mambo hayo umekuwa bungeni miaka mingi, unaamka unalala, na sheria ikishapita pengine kutakuwa na mahali pa kuuliza. Akanishauri niombe. Nilipomwuliza nimwombe nani, alimaanisha Mungu.

Basi nikampeleka mteja. Mama alivaa nguo ya kanisani, tukaenda Kisumu tena. Daktari alimkumbuka, wakaulizana habari za afya na za mvua, nami nimekaa pale. Kisha akasema kumbukumbu za miaka ile ni za zamani mno, nyingine ziliharibika walipohama jengo, si rahisi kumfuatilia mtu. Na hata zingekuwepo, mume naye alitia sahihi, kwa hiyo lazima mume akubali. Mama akanitazama. Nilijua atasema nini kabla hajasema.

"Baba yako hatakubali."

Hakukubali. Mama alipomfungulia jambo hilo hakugomba, afadhali angegomba. Alisema, "Hilo lilishazikwa," akatoka kwenda kuwaangalia mbuzi. Baba ni mwalimu mkuu mstaafu na shemasi wa kanisa. Kelele anaziweza, aibu haiwezi. Kila nilipofika nyumbani mwisho wa wiki, mbuzi walihitaji kuangaliwa. Nadhani hakuna mbuzi waliowahi kuangaliwa kama wale. Nilimkasirikia, na nilimwonea huruma, na vyote viwili vilinichosha.

Wakati huohuo wakwe walikuwa wanakuja. Siku imepangwa, jogoo wamenunuliwa, shangazi wamekwisha kushona sare. Hapakuwa na namna ya kuwaambia wasije bila kusema kwa nini. Nikamwambia mchumba wangu kwamba ikiwa hakuna atakayesema, nitasema mimi, mbele ya watu wote. Akasema, "Poa, lakini ukisema wewe, wataona unamvua mzee nguo." Nilichukia kwamba alikuwa sahihi.

Wakaja, magari mawili. Mama yake, shangazi zake, wazee wachache wa ukoo wao, na msemaji, baba yake mdogo, mzee mcheshi aliyefanya kazi bandarini Mombasa zamani, akarudi na Kiswahili kirefu na methali za kutosha mtaa mzima. Walikaa sebuleni kwetu kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, mimi nikaitwa nionekane, nikaketi kwenye mkeka karibu na mama. Kisha hesabu ikaanza. Bibi wa kijana mzaa baba ni wa ukoo gani, mzaa mama ni wa ukoo gani. Baba akajibu kwa upande wetu, mmoja baada ya mwingine, sauti imara ya kusoma majina ya wanafunzi. Mababu walihesabiwa. Mabibi walihesabiwa. Kuna bibi mmoja alileta wasiwasi kwa sababu aliwahi kuolewa Kanyada kwanza, akajadiliwa kwa kirefu, akaachiliwa. Mimi nimekaa pale nasikiliza wakiisafisha damu ambayo haimo mwilini mwangu.

Hatimaye msemaji akapiga goti kwa kiganja. "Basi, hakuna *wat*. Njia nyeupe!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Sahani zikaanza kuingia. Nikafungua mdomo, na mama akanishika kifundo cha mkono, akanibana.

"Ngojeni," baba akasema.

Alikuwa amesimama. Hakumtazama mtu. "Mmehesabu vizuri. Lakini mmehesabu damu yangu. Huyu ni binti yangu, nimemlea, nitamwoza. Damu yake ya upande wa baba siijui. Tulisaidiwa hospitalini. Aliyesaidia ni mtu wa huku kwetu, na sijui ni wa wapi. Singeweza kuwaacha mle chakula changu juu ya hesabu ya uongo."

Akaketi. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda wakati ule, na sijawahi kumwona amezeeka vile.

Wanaume wa kwao walitoka nje kushauriana karibu na tangi la maji. Shangazi zangu walikodoa macho tu. Yule wa mwanya aliangalia meno yangu kama aliyeuziwa kitu bandia. Wanaume wakarudi. Msemaji akasafisha koo, akatangaza kwa furaha kubwa, "Kitanda hakizai haramu! Ng'ombe wa mahari ya mama yake walitoka boma hili, mtoto ni wa boma hili. Jambo limekwisha."

Watu wakapiga makofi. Mtu akaanzisha wimbo wa kanisa. Walimkumbatia baba, wakamsamehe kosa ambalo hakulitenda, na baba akafuta macho. Na mimi? Nilikuwa nimeuliza habari za damu, nikajibiwa habari za ng'ombe. Hakuna aliyesema mimi ni haramu. Sikuwa nimetafuta cheti cha kuwa mtoto wa baba yangu. Cheti hicho ninacho tangu nishike baiskeli yake kwa nyuma. Nikauliza kwa sauti, "Na kama huyo mtu ni wa kwenu?"

Mzee wa bandarini akanitazama kwa wema. "Binti yangu, chakula kinapoa."

Aliyenisikia ni mama wa mchumba wangu. Hakugusa samaki wake. "Mimi ndiye nitakayelea wajukuu," akasema kwa Dholuo, taratibu. "Mpaka huyo mtu aulizwe, mimi sijala hapa." Akasukuma sahani. Kwetu mkwe akikataa chakula, hakuna harusi, hata kama wimbo umefika ubeti wa mwisho. Wakaondoka mapema, kwa heshima zote, bila siku nyingine kutajwa.

Jumatatu baba alikuwa amevaa koti kabla sijaamka. Nilikuwa nimeomba ruhusa shuleni. Hakutaja mbuzi.

Daktari alituona sisi watatu mlangoni, akaona mambo yamebadilika. Alituketisha. Akamwuliza baba, kwa sauti kubwa, "Mzee, una shida gani?"

"Mimi sina shida. Mwenye shida ni huyu."

"Kama nilivyomweleza mama, kumbukumbu ni za zamani. Na yule kijana tulimwahidi siri. Ahadi ni ahadi. Nyinyi pia tuliwaahidi siri, na tumeitunza."

"Kweli mmeitunza," baba akasema. "Na huyu mlimwahidi nini?"

Daktari alionekana kushangaa swali lenyewe. "Mzee, wakati huo huyu hakuwa amezaliwa."

Baba akanigeukia. Alinitazama kwa muda, kama anayehakikisha. "Sasa amezaliwa," akasema. "Muulize anataka nini."

Daktari hakuniuliza. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Sikilizeni. Labda nimpigie tu. Akikataa, amekataa."

Ilinichukua muda kuelewa nilichosikia. "Umpigie nani?"

"Yeye."

"Si ulisema hafuatiliki?"

Simu ilikuwa tayari mkononi, jina lilikuwamo humo, halikutafutwa kwenye faili wala kwenye jengo la zamani. Yaani muda wote ule wa kupanda na kushuka Kisumu, mtu huyu alikuwa mfukoni mwa koti lake. Mama akasema jina la Yesu. Baba akasema, "Mpigie sasa. Tunangoja."

Kwa kuwa hasikii vizuri, daktari huweka simu kwenye sauti ya juu kabisa. Iliita. Sauti ya mwanaume ikaitika kwa Dholuo, sauti ya kawaida tu, ya mtu aliye kazini, nyuma yake kuna mashine inasaga kitu. Wakasalimiana kama watu wanaofahamiana. Daktari akasema, "*Omera*, ndugu yangu, samahani. Ni mmoja wa wale watoto. Anataka kufunga ndoa Lambwe, wanauliza kwenu na kwa mama yako."

Mmoja wa wale. Niliona mama akilisikia neno hilo kama nilivyolisikia mimi.

Mashine kule ikazimwa.

"Si Lambwe," sauti ikasema. "Kwa baba ni huku Rangwe, kwa mama ni Gwassi. Lambwe hatuna mtu. Mwambie aendelee tu na ndoa yake."

Nilikuwa nimepata nilichokuja kutafuta. Harusi imepona, mama mkwe atakula. Baba alifumba macho, akashusha pumzi. Daktari akasema ahsante, akaanza kuishusha simu, uso umejaa nafuu ya mtu aliyemaliza kazi.

"Daktari," sauti ikasema. "Yuko hapo?"

Daktari akanitazama. Tangu nimjue mtu huyo, na kabla sijamjua, na kabla hata sijazaliwa, hajawahi kuniuliza kitu. Akanisogezea simu juu ya meza, akangoja.

"Niko," nikasema.